Mandari Chini ya Jabali la Tororo

Watu wa Unguja na Mombasa wana neno lao zuri, mandari, ambalo ni matembezi ya jamaa waliofunga vyakula vyao makapuni wakaenda kushinda shamba au pwani mpaka magharibi. Na mwenye kuijua lugha ataona mara moja kwamba neno hilo ni ndugu wa mandhari, kwa kuwa mtu hutoka kwake ili macho yapate cha kutazama. Huku Osukuru, chini ya vilima vya jina hilo, mwendo mfupi kutoka mji wa Tororo na si mbali na mpaka wa Kenya, neno lenyewe hulisikii sana. Walakini jambo lipo, na lina tarikhi yake.

Kwanza msomaji asahau kiangazi cha Wazungu. Nchi hii i karibu na ikweta, na mwaka wake hugawanywa na mvua, si na baridi. Kwa hiyo desturi ya kutoka na watoto ilifuata kalenda ya shule na ya ibada: likizo ndefu ya Disemba na Januari, ambayo kwa bahati njema huangukia siku za ukavu, kisha Krismasi na Pasaka, na Idi kwa Waislamu wa mjini. Kabla ya hayo yote, safari ya furaha ilikuwa moja tu, nayo ni kuzuru jamaa. Mwaka 1902 Waingereza walipoutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya pili, ambayo leo ni Kenya, Wateso walijikuta baadhi huku na baadhi kule, na tangu hapo mtu aliyekwenda kumwamkua mjomba wake alivuka mpaka bila kujiona kuwa msafiri. Alipofika, walikizunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi iliyotiwa maji ya moto, kila mtu mzima na mrija wake mrefu, na mazungumzo yakaendelea mpaka kuku wakapanda kulala. Mimi nadhani hiyo ndiyo mandari ya asili ya nchi hii, na nyingine zote ni wageni wake.

Ama ziwa Viktoria, ambalo leo ndilo tamaa ya kila mtoto, zamani lilikuwa jambo la kuogopwa. Tangu mwaka 1901, madaktari wa hospitali ya Mengo walipoutambua ugonjwa wa malale, maradhi hayo yaletwayo na mbung'o yaliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, wengi wao wakiwa wakazi wa visiwa na pwani za Viktoria; hatta Gavana Hesketh Bell, aliyeishika nchi mwaka 1906, akaamuru wenyeji wahamishwe, na sehemu kubwa ya pwani ikaachiwa vichaka na viboko. Mzazi aliyekulia katika habari hizo hangempeleka mwanawe majini kwa mchezo. Maradhi yenyewe hayakuisha kabisa, kwani katika miaka ya 1980 yalirudi yakafika mpaka Tororo.

Mlango wa mandari mpya ulifunguliwa na reli, nayo ilifuata pamba. Njia ya chuma iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret iliingia Uganda kwa Malaba, ikapita Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Na Tororo ikawa njia panda, kwa kuwa hapo ndipo lilipochipuka tawi la Mbale na Soroti. Baadaye, katika miaka ya 1950, kiwanda cha saruji kikaanza kuitafuna chokaa ya vilima. Pamoja na kazi wakaja watu wenye Jumapili: makarani wa reli, walimu, mabwana wa serikali waliojifanyia uwanja wa gofu karibu na jabali, na Wahindi wenye maduka, ambao walipofunga milango yao walijaza jamaa nzima katika gari moja, bibi mbele na sufuria mapajani. Desturi hiyo ya Wahindi ilikatika mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 za kuondoka.

Jabali lenyewe ni shina la volkano ya kale lililobaki baada ya vitu vya pembeni kumomonyoka. Kilele chake ki mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Njia huanza kwa upole kati ya vichaka, kisha hufika mahali ambapo mguu hauna budi kusaidiwa na ngazi za chuma. Alfajiri chuma hicho huwa baridi, kina umande, na mkono hukishika kwa raha. Saa sita mchana hakishikiki, na utawaona akina mama wamezungusha ncha ya leso viganjani, watoto wa mbele wakikemewa wasitazame chini na wa nyuma wakiambiwa wasisukume. Juu, kaskazini huonekana mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, mashariki nchi ya Kenya, na siku ya hewa safi, kusini, mstari mweupe wa ziwa.

Kuufikia mstari huo ni kwenda Majanji, ufuoni kwa ziwa huko Busia. Mpaka mwaka 1997 Tororo na Busia zilikuwa wilaya moja, hivyo ziwa lilihesabiwa kuwa la nyumbani. Na aghalabu gari lililokwenda kuchukua samaki ndilo lililobeba waimbaji wa kanisa na wanafunzi, wakarudi jioni wamekalia magunia ya dagaa, ambao Waganda huwaita mukene na ng'ambo ya mpaka huitwa omena, wakinuka wote sawasawa. Watoto huoga, na kichocho kimo majini. Wazazi walijua, wakanyamaza.

Vilima vya Osukuru havikupata sifa ya mandari kama jabali na ziwa. Udongo wake mwekundu una fosfeti, na mbolea ilitengenezwa hapo mpaka mwaka 1978; kisha vikatulia takriban miaka 40, mbuzi wakalisha, vijana wakapanda jioni kupunga upepo kwa njia ambazo wachimbaji walizikata. Mwaka 2018 kiwanda kipya cha kampuni ya Kichina kilifunguliwa, na jamaa zilizokuwa zikiishi humo zikalipwa fidia zikahama. Baadhi ya njia zile sasa hukomea langoni, na mlinzi humwuliza mpitaji amekuja kwa kazi gani.