Neno na Matumizi: Garsen hakuna mlima, na fensi ina majina yake

Juzi pale Garsen nilisoma kibao cha fundi: “Twafunga fensi hata penye mlima.” Mlima gani, Garsen? Nadhani alikusudia mteremko. Mto Tana ukifurika hubwaga tope na mchanga kandokando, ukingo ukainuka kuliko bonde lililo nyuma yake. Shamba la Mpokomo huanzia juu likashuka. Huo ni mwinamo, basi.

Na fensi je? Ua ni wa nyumbani, wa makuti au vijiti, humpa mtu stara. Boma ni la ng'ombe, muulize Muorma. Wigo ni wa miti au matawi ya miiba. Uzio, ambao siku hizi ni kila kizuizi, ulikuwa wa wavuvi: vijiti vilivyofungwa pamoja kutegea samaki pwani. Umepanda bara, nami sina ugomvi nao. Seng'enge ni waya tu, hupigwa kwenye nguzo. Nguzo husimama wima kwa timazi hata ardhi ikiinama. Kinachofuata mteremko ni waya.

Fundi, kibao kiandike hivi: “Twajenga nyuzio hata penye mteremko.”