Kalausi na Buru: Nyota na sayari zenye majina kutoka Kenya

KATIKA anga ya kusini, ndani ya kundi la nyota liitwalo Vela, yaani Tanga, imo nyota ambayo tangu Desemba 2019 inatambulika rasmi kwa jina Kalausi. Sayari inayoizunguka huitwa Buru. Majina yote mawili ni ya Kidholuo: kalausi ni chamchela, ule upepo mkali unaozunguka mithili ya pia, na buru ni vumbi.

Yalipatikana wakati Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ukiadhimisha miaka 100 tangu uasisiwe, ulipoikabidhi kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake izipe majina. Tanzania iliita nyota yake Mpingo na sayari yake Tanzanite. Hadi wakati huo, Kalausi ilikuwa nambari tu katika orodha: HD 83443.

Nyota hiyo iko umbali wa takriban miaka 133 ya mwanga. Mwanga wake unaotufikia sasa ulianza safari kabla ya reli kutoka Mombasa kufika Nairobi mnamo 1899. Joto lake ni pungufu kidogo kuliko la jua letu, lakini madini ya chuma yaliyomo ni kiasi cha mara mbili ya yale ya jua.

Buru ni jitu la aina ambayo wataalamu huita Mshtarii wa moto. Huizunguka nyota yake kwa muda usiotimia siku tatu, ikiwa umbali wa kilomita milioni sita hivi. Sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua letu, huhitaji siku 88. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba majitu kama hayo huumbika mbali, kisha husogea taratibu kuelekea nyota zao.

Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuiona Buru. Iligunduliwa mwaka 2000 na kundi la Geneva, Uswisi, chini ya Michel Mayor, kwa kutumia darubini iliyoko La Silla nchini Chile. Walichopima ni nyota yenyewe, ambayo huvutwa huku na huku na sayari yake kwa kasi ya takriban mita 56 kwa sekunde.

Njia hiyo ina mitego yake. Agosti mwaka huohuo, kundi hilo lilitangaza sayari ya pili, nyepesi kuliko Zohali, yenye mzunguko wa siku 30 hivi. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Paul Butler waliichunguza nyota hiyo kwa darubini za Hawaii na Australia, na mnamo 2002 wakaeleza kwamba hawakuona dalili yoyote ya sayari hiyo ya pili. Vipimo zaidi vya Waswisi wenyewe vilipoongezeka, dalili hiyo ilififia, nao wakaifuta.

Buru ilistahimili ukaguzi wa pande zote mbili. Uzito wake haupungui asilimia 40 ya ule wa Mshtarii; huenda ukazidi, kwani kipimo hicho hutegemea jinsi njia ya sayari ilivyoinama.

Kalausi haionekani kwa macho matupu. Kwa mwenye darubini ndogo ya mkononi na ramani nzuri ya nyota, Tanga huwa juu upande wa kusini mapema usiku, miezi ya Machi na Aprili.