Chuma na Watoto wa Pemba

Iliaminiwa zamani kwamba madini ya chuma humfaa kila mtoto mwenye upungufu wa damu, na asiyepungukiwa hayamdhuru. Pemba, tangu Wingwi hata Mkoani, ilikuwa kisiwa cha malaria kali. Na hapo ndipo imani hiyo ilipopimwa. Katika utafiti ulioanza mwaka 2002, watoto zaidi ya 24,000 waligawanywa: wengine walipewa vidonge vyenye chuma, wengine vidonge vitupu. Agosti 2003 chuma kilikomeshwa, kwani hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa waliopewa ilizidi ya wenzao kwa asilimia 12. Lakini waliopungukiwa chuma kwa hakika walinufaika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Basi dawa isisifiwe kwa wote kabla haijapimwa kwa wenye kuinywa.