Mkono na Urithi: Nani Mchoraji katika Biashara ya Sanaa ya Wanawake wa Utopia?

Mwaka 1996 Kathleen Petyarre, mchoraji wa jamii ya Anmatyerr kutoka Utopia, katikati ya Australia, alishinda tuzo kuu ya kitaifa ya sanaa ya Waaborijini. Mwaka uliofuata mwanamume wa Kizungu aliyewahi kuishi naye alijitokeza kudai kuwa sehemu kubwa ya picha ile aliichora yeye. Makumbusho ya Darwin yaliyosimamia tuzo yakafanya uchunguzi, na Kathleen akabaki na tuzo yake. Katika mabishano yote hayo swali lilikuwa moja: brashi ilishikwa na mkono wa nani? Makala hii inadai kwamba swali hilo liliulizwa na soko. Utopia ina swali lake, nalo ni: nani ana haki ya kuichora nchi hii, na kaipata kwa nani?

Picha za Kathleen zinafuata njia za arnkerrthe, mjusi mwenye miiba, aliyepita na kuiumba nchi ya Atnangkere. Simulizi za namna hii Waingereza waliziita “ndoto”, na sisi tukifasiri neno hilo tutakuwa tumerithi kosa lao. Ni sheria, ramani na hati ya ardhi kwa pamoja. Kathleen aliirithi upande wa baba, pamoja na dada zake. Gloria, Violet, Ada Bird na wengine nao walikuwa wachoraji, kila mmoja kwa mtindo wake. Shangazi yao alikuwa Emily Kame Kngwarreye, mashuhuri kuliko wote. Msomaji atashangaa kwamba shangazi na watoto wa kaka yake hawana jina moja la mwisho. Kngwarreye na Petyarre si majina ya familia kama ya Kizungu bali ni ya makundi ya ukoo: baba akiwa Kngwarreye, wanawe ni Petyarre. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Anayetofautisha shangazi na mama mdogo tayari ameshika nusu ya jambo, maana ukiwa upande wa baba unamiliki, na ukiwa upande wa mama unalinda na kusimamia.

Kwa hiyo familia katika biashara hii si kundi la vibarua wa bei nafuu. Ndiyo chanzo cha mamlaka ya kuchora. Binti akimsaidia mama kujaza vitone, picha haipungui kitu, kwa kuwa wote wawili wamo ndani ya haki ileile. Mgeni akivijaza vyote kwa ustadi, hana alichomiliki.

Historia ya Utopia inaliunga mkono dai hili. Wanawake wa huko walianza na batiki mwaka 1977, wakichora kwa nta juu ya vitambaa michoro ya awelye, yaani nyimbo na ibada zao, ambayo tangu zamani hupakwa vifuani na mabegani. Waliketi pamoja kuzunguka moto ulioyeyusha nta, watoto wakicheza kando. Ibada hizohizo walizitoa kama ushahidi madai ya ardhi yao yaliposikilizwa, na ardhi wakaipata. Mwaka 1988 walikamilisha vitambaa 88 vya hariri, na mara baada ya hapo zikaja rangi za akriliki na kanvasi. Nta ilidai watu wengi. Kanvasi ilimruhusu mtu akae peke yake. Na soko likampenda aliyekaa peke yake.

Emily alikuwa na umri wa karibu miaka 80 alipoanza kuchora kwenye kanvasi. Katika miaka minane aliyobakiwa nayo hadi kifo chake mwaka 1996, inakadiriwa alichora picha 3,000 hivi. Wapo wanaosifu idadi hiyo kama ajabu ya kipaji. Mimi naiona pia kama hesabu ya jamaa waliomtegemea na madalali waliobisha hodi, kila mmoja na kanvasi yake. Undugu unaompa mtu haki ya kuchora ndio huohuo unaodai mgawo wa kila anachopata, na atakayeandika kuhusu biashara za ukoo bila kulitaja hilo atakuwa ameandika utenzi wa sifa.

Hata hivyo, ukoo huohuo umewahi kukarabati kilichovunjwa na serikali. Barbara Weir, aliyelelewa na Emily, alichukuliwa na maofisa akiwa na miaka tisa hivi, kwa sera ya kuwatenga watoto machotara na mama zao. Aliporudi akiwa mtu mzima alilazimika kujifunza upya lugha yake. Mwanawe, Fred Torres, alianzisha mwaka 1993 biashara ya kuuza picha za Utopia, na bibi yake, Minnie Pwerle, mama mzazi wa Barbara, akaanza kuchora kwenye kanvasi akiwa ajuza. Mama, binti na mjukuu waliotenganishwa na karatasi za serikali wakakutana tena kwenye leja ya mauzo.

Sheria bado inahesabu kichwa kimoja kimoja. Earth's Creation, picha ya Emily ya mwaka 1994, iliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa dola 1,056,000 za Australia. Sheria ya mrabaha wa asilimia 5 kwa picha inayouzwa tena ilikuwa haijatungwa; ilianza kutumika mwaka 2010. Na hata leo mrabaha humfuata msanii na warithi wake kisheria. Emily hakuzaa. Kwa hesabu ya ukoo, warithi wake ni wengi.

Tuzo zimeanza kujifunza mapema kuliko sheria. Mwaka 1999 Gloria Petyarre alishinda Tuzo ya Wynne ya picha za mandhari huko Sydney, kwa jina lake peke yake. Mwaka 2016 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa dada watano wa familia ya Ken kutoka Amata, Australia Kusini, kwa kanvasi moja waliyoichora pamoja.