Huruma Mbele ya Madaraka: Somo la Rabai na Freretown

Mijadala mingi kuhusu wamisionari wanaokaa ugenini kwa miaka mingi huichukulia huruma kama akiba: mtu hutoka kwao akiwa nayo tele, kazi huipunguza, na likizo huijaza upya. Kwa mtazamo huo adui mkuu wa huruma ni uchovu. Makala haya yanatetea hoja tofauti. Huruma huharibika zaidi pale anayehurumia anapopata madaraka juu ya anayehurumiwa bila kuwajibika kwake, na hudumu pale mgeni anapoendelea kuwahitaji wenyeji wake. Ushahidi unatoka katika vituo viwili vya Church Missionary Society (CMS) vya karne ya 19, vyote jirani na Mombasa na chini ya chama kimoja: Rabai na Freretown.

Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS, alifika pwani mwaka 1846 kuungana na mwenzake Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewazika mkewe na binti yao mchanga huko Mombasa. Krapf aliondoka katika miaka ya 1850. Rebmann alibaki hadi 1875. Kwa hesabu za chama, matunda yake yalikuwa haba, na Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipozuru pwani mwaka 1873 hakuridhishwa na alichokiona. Lakini tuangalie mazingira ya kazi yenyewe. Rebmann aliishi Rabai kwa ridhaa ya wazee. Hakuwa na askari, wala mahakama, wala watu waliomtegemea kwa chakula. Lugha alifundishwa na wenyeji na hata na watumwa: kamusi yake ya Kinyanja, iliyochapishwa 1877, ilitokana na Salimini, mtumwa aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa. Macho yalipomfifia, ni Isaac Nyondo, kijana wa hapo hapo, aliyemsindikiza hadi Ulaya. Rebmann hakuwa mtu mwepesi, na alitofautiana na Krapf kuhusu mbinu za kazi. Hata hivyo, uhusiano wake na Warabai haukumpa nafasi ya kuwatawala.

Freretown ilianzishwa 1875 kwa nia ambayo hakuna awezaye kuidharau: kuwapa makao watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Fedha zilikuwapo, mashamba yalikuwapo, na msimamizi alikuwa na amri juu ya kazi, chakula na adhabu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880, waliokombolewa walikuwa wakichapwa viboko na kufungwa na watu wale wale waliokuja kuwahurumia. Malalamiko yalisababisha uchunguzi, na msimamizi mlei akaondolewa. Mkasa huo haukuwa wa pekee: katika kituo cha Kanisa la Scotland huko Blantyre, kilichoanzishwa 1876, viboko na hukumu ya kifo vilizua kashfa iliyofika hadi Uingereza.

Atakayepinga atasema kwamba tatizo lilikuwa uchovu, homa na upweke, na kwamba dawa yake ni mapumziko na uangalizi wa afya ya akili. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi kueleza yaliyotokea. Freretown ilikuwa na umri usiozidi miaka sita kashfa ilipozuka, ilhali Rebmann alikaa karibu miaka thelathini, akiwa na maradhi na upweke vile vile. Kama muda na uchovu ndio sababu kuu, Rabai ndiyo ingepaswa kuoza kwanza. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Rebmann hakumdhuru mtu kwa sababu hakufanya mengi, ilhali mamia ya watu waliookolewa walihitaji ulinzi, mgao wa chakula na utaratibu, na hayo hayawezekani bila mamlaka. Ni kweli. Kutokuwa na uwezo si fadhila, na huruma isiyotenda ni hisia tu.

Jibu la pingamizi hilo linapatikana Rabai hiyo hiyo, baadaye. William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na kulelewa na misheni huko India, alipewa daraja la ushemasi 1885 na kukiongoza kituo. Chini yake Rabai ilikua, ikapokea watoro wengi kutoka mashamba ya pwani, licha ya chama kuogopa hasira ya mabwana wao. Jones alikuwa na mamlaka, lakini aliishi miongoni mwa watu waliomjua, wenye historia kama yake, walioweza kumkabili kwa lugha yao. Basi swali si kama mmisionari awe na uwezo, bali uwezo huo unajibu kwa nani. Hata Luka sura ya 10 inawatuma wanafunzi bila mkoba, wakale watakachoandaliwa na wenyeji. Anayetumwa anaanza kwa kuhitaji.

Kwa hiyo vyama vinavyotuma watu leo, vikiwemo vya Afrika Mashariki vyenyewe, visiishie kuuliza kama mtumishi wao amepumzika. Viulize nani kati ya wenyeji anaweza kukagua bajeti yake, kumkatalia, na kupeleka malalamiko dhidi yake bila kupoteza riziki. Pasipokuwa na mtu huyo, moyo mwema wa mtumishi ni dhamana dhaifu.