Kuona kwa Mwangwi

  Ninyi mliosikia somo hili kwa redio, lifuateni sasa polepole katika maandishi. Mkikuta neno gumu msiliruke, maana maelezo yake yamo humu humu.

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Leo tutajifunza jinsi watu walivyopata njia ya kuona ndani ya tumbo la mwanamke bila kulipasua.

Mwanamke ana ovari mbili, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi. Kila moja ni kama lozi kwa ukubwa, nazo zimejificha ndani ya nyonga. Kwa hiyo saratani ikianza hapo, yaweza kukua muda mrefu bila mwenyewe kujua. Wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea tumboni. Hapo ndipo penye taabu.

Zamani daktari alipapasa tumbo kwa mkono, au alipiga picha ya eksirei, au alipasua. Lakini mkono hudanganyika, na eksirei huonyesha mifupa vizuri kuliko uvimbe mlaini.

Aliyetafuta njia nyingine ni Profesa Ian Donald, daktari wa wanawake katika mji wa Glasgow, Uskoti. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 alitumikia jeshi la anga la Uingereza, akapata habari za vyombo vinavyotafuta ndege na nyambizi kwa mwangwi. Mwangwi waujua: ukipiga kelele mbele ya jabali, sauti hukurudia. Popo naye huruka gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Karibu na Glasgow, mahali paitwapo Renfrew, palikuwa na kiwanda cha kutengeneza boila. Mafundi wake walipitisha sauti kali isiyosikika kwa sikio ndani ya chuma, na mwangwi uliwaonyesha penye ufa. Donald akawaza: ikiwa sauti yaonyesha ufa ndani ya chuma, mbona isionyeshe uvimbe ndani ya tumbo?

Basi tarehe 21 Julai 1955 alikwenda kiwandani, na ndani ya gari amepakia uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa. Mwingine ulikuwa wa nyama tupu. Mwingine ulitoka katika ovari nao umejaa maji. Palikuwa na pande la nyama ya ng'ombe pia, la kulinganishia. Walipopima, mwangwi wa uvimbe wa maji haukufanana na mwangwi wa uvimbe wa nyama.

Fundi kijana, Tom Brown, alisikia habari hiyo akajitolea kusaidia kuunda mashine. Daktari John MacVicar akafanya kazi pamoja nao. Hata hivyo, madaktari wengine waliwatilia shaka.

Ndipo akaletwa mama mmoja mwenye tumbo lililovimba sana. Ilidhaniwa kwamba ana saratani ya tumbo isiyo na dawa, na kwamba amebakiwa na siku za kufa tu. Mashine ilionyesha mfuko mkubwa wa maji. Alipopasuliwa, ukaonekana uvimbe wa ovari unaoweza kutolewa. Ukatolewa, naye akapona. Habari za kazi hiyo zilichapishwa katika gazeti la madaktari, Lancet, tarehe 7 Juni 1958. Kipimo cha ultrasaundi wanachofanyiwa akina mama wajawazito siku hizi ni mtoto wa mashine hiyo.

Je, kazi ilikwisha? La. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake, huko Boston, Marekani, walitoa habari za alama iitwayo CA-125, ambayo huongezeka katika damu ya wagonjwa wengi wa saratani ya ovari. Kuanzia 2001, Uingereza iliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 wasio na dalili, ili kujua kama kipimo cha damu na cha ultrasaundi vitaokoa maisha. Jibu la 2021 lilihuzunisha: hata pale ugonjwa ulipogunduliwa mapema kidogo, vifo havikupungua.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta kwa vitu vidogo zaidi. Elimu hiyo huitwa nanoteknolojia. Gawanya milimita moja mara milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita. Mwaka 2018 Daniel Heller na wenzake, New York, walitumia mirija ya kaboni yenye unene unaopimwa kwa nanomita. Mirija hiyo ilinasa protini ya saratani ya ovari, na mwanga wake ukabadilika. Lakini wagonjwa wa jaribio hilo walikuwa panya, na kutoka panya hadi mtu ni safari ndefu.

Basi, mama na dada, msingoje mirija hiyo. Tumbo likijaa kila siku, ukishiba upesi, nyonga ikiuma, au ukikojoa mara nyingi kuliko desturi, na hali hiyo ikadumu majuma mawili au matatu, nenda hospitali. Mara nyingi si saratani, lakini mwache daktari aseme. Nawe bwana, usimwambie mkeo kwamba ni uzee tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini saratani ya ovari huchelewa kujulikana?
2. Donald alijifunza nini kwa mafundi wa boila?
3. Katika kijiji chako, ni mambo gani yanayowachelewesha wanawake kwenda hospitali?