Civitavecchia: Siku moja ya kuiona Roma

Bandari ya Civitavecchia, iliyojengwa na Kaizari Trajan mwanzoni mwa karne ya pili, ndiyo lango la Roma kwa abiria wa meli za kitalii katika Bahari ya Mediterania. Wengi hughafilika kwamba Roma yenyewe i takriban kilomita 70 kutoka hapo. Meli ikitia nanga alfajiri na kuondoka jioni, ule muda wa kutembea mjini hupungua mno.

Njia nafuu ni garimoshi, ambalo huchukua karibu saa moja. Anayeshuka stesheni ya Roma San Pietro huwa hayuko mbali na Kanisa la Mtakatifu Petro. Anayetaka Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka wa 80, huendelea hadi Termini. Kuyataka yote hayo pamoja na Makavazi ya Vatican ni pupa, kwani foleni peke yake yaweza kumeza asubuhi nzima, na Jumapili nyingi makavazi hufungwa.

Hatari iko katika kurejea. Abiria hutakiwa wawe melini mapema, aghalabu nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Msafara ulioandaliwa na meli ukichelewa, kwa kawaida husubiriwa; aliyejiendea kivyake huachwa, akajigharimia safari hadi bandari inayofuata. Migomo ya reli nayo si haba nchini Italia. Mwenye shaka heri abaki Civitavecchia, aizuru Ngome ya Michelangelo, iliyokamilika karne ya 16, kisha ale samaki kando ya bahari.

Mkenya ahitaji viza ya Schengen, tena ya kuingia zaidi ya mara moja iwapo meli itapitia Uturuki.